Je, Wajua? Karatasi Zilizobaki Dhahabu Ilipokwisha

Januari 24, 1848, pale Coloma, California, James Marshall aliona vipande viking'aa kwenye mfereji wa kiwanda cha mbao cha John Sutter. Dhahabu iliyochimbwa baada ya siku ile imeyeyushwa na kuyeyushwa tena, na hakuna ajuaye ipi imo kwenye pete ya nani. Karatasi zake, lakini, zipo: hati za hisa za migodi iliyokufa, hundi za benki zilizofunga milango, risiti za wapima madini, bahasha za kampuni za kusafirisha vifurushi. Wako watu Marekani na Ulaya wanaozitafuta kwa udi na uvumba na kuzinunua mnadani. Ukizishika kwa haraka utaziona takataka za ofisini. Ukizikagua taratibu utagundua kwamba karibu kila alama iliyo juu yake iliwekwa kwa sababu mtu fulani hakumwamini mwenzake.

Je, wajua kwamba California, jimbo lililokalia dhahabu, lilikataza pesa za karatasi?

Katiba yake ya kwanza, ya mwaka 1849, ilizizuia benki kutoa noti. Walioiandika wengi walitoka mashariki ya Marekani, ambako kila benki ilijichapia noti zake, na benki ikifa usiku, asubuhi noti zake zilikuwa za kufungia karanga. Huku magharibi watu wakalipana kwa sarafu na kwa vumbi la dhahabu lililopimwa kwenye mizani. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, serikali kuu ilitoa noti za kijani ambazo hazikubadilishwa kwa dhahabu. Wafanyabiashara wa San Francisco wakazigomea, na mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria kwamba deni lililoandikwa kulipwa kwa dhahabu lilipwe kwa dhahabu. Ndiyo maana mikataba ya California ya miaka ile hairidhiki kutaja dola tu. Inasisitiza kwamba ni dola za sarafu ya dhahabu.

Suluhu ilikuja mwaka 1870, Bunge la Marekani liliporuhusu benki maalumu zitoe noti zinazolipwa kwa dhahabu. Zilikuwa kumi tu, tisa za California na moja ya Boston. Noti zenyewe zilichapwa kwenye karatasi ya rangi ya manjano, na mgongoni zilikuwa na picha ya sarafu za dhahabu zilizotandazwa, ili hata asiyejua kusoma aelewe anachoahidiwa. Zilizosalia ni chache na nyingi zimechakaa vibaya, kwa sababu watu walizipenda, wakazitumia mpaka zikalegea. Mkusanyaji wa noti hizi hana budi kuacha maringo ya kutaka karatasi safi.

Je, wajua kwamba hundi moja iliandikwa mara tatu?

Watu wa pwani yetu waliifahamu hundi zamani sana, kupitia wafanyabiashara wa Kihindi walioandikiana kati ya Zanzibar na Bombay. Mchimbaji wa California aliyetaka kutuma pesa kwa mkewe New York alifanya jambo lilelile: alipeleka dhahabu yake benki, akapewa hundi ya kulipwa upande wa pili. Ila alipewa nakala tatu, Hundi ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Kila nakala ilisema ilipwe iwapo zile nyingine mbili hazijalipwa. Aliziweka kwenye meli tofauti, na itakayotangulia kufika ndiyo inalipwa, nyingine zinakufa.

Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Septemba 12, 1857, meli ya SS Central America, iliyokuwa ikipeleka New York abiria na dhahabu ya California, ilizama kwenye dhoruba karibu na pwani ya Carolina. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1988, na vipande vya dhahabu vilivyotolewa chini ya bahari vilikuwa bado vinasomeka: jina la mpima madini, namba, uzito kwa wakia, kiwango cha usafi na thamani kwa dola, vyote vimegongwa ubavuni. Kipande kama hicho ni hati iliyoandikwa juu ya dhahabu yenyewe. Lakini waliokuwa na hundi hawakuhitaji kusubiri miaka 131; walihitaji nakala ya pili tu. Seti ya nakala zote tatu zikiwa pamoja ni adimu, na ikipatikana, huenda maana yake ni kwamba pesa haikutumwa kabisa.

Je, wajua kwamba hisa za mgodi ziliuzwa kwa futi?

Mwaka 1859, kwenye milima ya Nevada palipokuja kuitwa Virginia City, wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakililaani tope la bluu lililoziba vyombo vyao. Lilipopelekwa California kupimwa, likaonekana limejaa madini ya fedha. Huo ndio mwamba wa Comstock. Mwanzoni mtu hakumiliki hisa. Alimiliki futi kadhaa za urefu wa mwamba, akaziuza, akaziweka rehani, akazigawa kama zawadi. Mark Twain, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Territorial Enterprise hapo Virginia City tangu 1862, anasimulia katika kitabu chake Roughing It jinsi wenye machimbo mapya walivyowapa waandishi futi chache ili machimbo yao yatajwe gazetini. Bahasha za waandishi wa habari, kumbe, zina historia ndefu.

Mwaka huohuo wa 1862 San Francisco ikapata soko lake la hisa, na futi zikagawanywa kuwa hisa. Hati za miaka ya mpito ndizo zenye utamu: utaona karatasi inayotaja futi na hisa kwa pamoja, maana hata karani hakuwa na hakika mnunuzi ataelewa lipi.

Je, wajua kwamba kumiliki hisa kungeweza kukutoa pesa badala ya kukuingizia?

Hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote. Kampuni za migodi za California na Nevada zilikuwa na haki ya kuwatoza wanahisa. Shimo likijaa maji, pampu ikihitajika, au wakurugenzi wakiamua tu kwamba ichimbwe futi mia zaidi, kila mwenye hisa alitakiwa kulipa kiasi fulani kwa kila hisa aliyo nayo. Asiyelipa hadi siku iliyotangazwa gazetini, hisa zake zilipigwa mnada hadharani. Migodi mingi ilitoza miaka nenda rudi na haikuwahi kutoa gawio hata senti moja. Werevu waliokaa ndani waliweza kutangaza tozo, bei ya hisa ikaanguka, wakanunua kwa bei ya kutupa, kisha habari za mwamba mpya zikaanza kusikika.

Tozo hizi zimeacha alama mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni risiti zenyewe, vijikaratasi vyembamba vyenye jina la mgodi, namba ya tozo na kiasi kilicholipwa. Ukiona risiti ya tozo ya ishirini na kitu ya mgodi uleule, unamwona mtu aliyekataa kukubali kwamba ameliwa. Ya pili inajificha kwenye hati za hisa. Hati nyingi hazina jina la mwenye hisa wa kweli. Zina jina la dalali na mbele yake neno la kuonyesha kwamba ni mdhamini tu. Dalali alitia saini mgongoni, akaacha nafasi ya jina wazi, na hati ikapita mkono kwa mkono kama noti. Mwenyewe halisi hakutaka jina lake liwe kwenye daftari la kampuni, wasije wakamfuata kwa tozo. Watu huuliza kwa nini majina yaleyale machache ya wadhamini yanajirudia kwenye maelfu ya hati za Comstock. Jibu ni hilo.

Je, wajua kwamba stempu ndogo inaweza kumuumbua mwongo?

Ili kugharimia vita, Marekani iliweka ushuru wa stempu kuanzia Oktoba 1862. Hundi ya benki ilibidi ibandikwe stempu ya senti 2, hati ya hisa ya senti 25. California tayari ilikuwa na stempu zake kwa hundi za kutuma pesa tangu 1857, na Nevada ikaleta zake mwaka 1865, ndiyo maana karatasi moja ya Nevada inaweza kuwa na stempu mbili, ya Washington na ya jimbo, zimekaa bega kwa bega. Mtoaji alitakiwa aiharibu stempu kwa kuandika juu yake herufi za jina lake na tarehe, isije ikabanduliwa na kutumika tena.

Hebu chukua hundi moja ya aina hiyo uiangalie karibu. Wino wa kahawia uliokuwa mweusi siku ulipoandikwa. Stempu ya rangi ya chungwa kwenye kona, herufi mbili na tarehe juu yake, na mkia wa herufi ya mwisho umevuka ukingo wa stempu ukaingia kwenye karatasi. Mkia huo ni ushahidi: ukikatika pale stempu inapoishia, basi stempu ilibandikwa baadaye. Tarehe ya stempu lazima ikubaliane na ya hundi. Halafu katikati ya saini utaona mkato, kisu cha benki kimepita, kuonyesha kwamba hundi imelipwa na haifai tena. Wageni wa kazi hii huona mkato wakasikitika. Wazoefu hufurahi, kwa sababu karatasi iliyokatwa iliwahi kufanya kazi. Hati ya hisa isiyojazwa, nyeupe pe, mara nyingi ni mabaki ya kitabu ambacho hakikuuza kitu. Kusema kweli bei za mnadani hazinifuati mimi kila mara. Wapo wanaolipa zaidi kwa unadhifu.

Picha pia zinadanganya. Hati nyingi zina mchoro maridadi wa wachimbaji chini ya ardhi, taa mkononi, mwamba ukimeremeta. Wachapaji walikuwa na michoro hiyo tayari, na mchoro uleule ulitumiwa na kampuni zisizojuana. Kuna migodi iliyokuwa na picha nzuri kuliko shimo lake.

Je, wajua kwamba benki kubwa kuliko zote magharibi ilianguka kwa siku moja?

William Ralston aliianzisha Bank of California mwaka 1864 akiwa na Darius Ogden Mills. Wakala wao Virginia City, William Sharon, aliwakopesha wenye vinu vya kusaga mawe kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, chini ya wakopeshaji wengine wote, kisha madini yalipopungua akavitwaa vinu kimoja kimoja. Mwaka 1872 Ralston huyohuyo alinaswa na matapeli wawili, Philip Arnold na John Slack, waliomwaga almasi kwenye uwanda wa Colorado na kudai wamegundua mgodi. Kampuni yenye mtaji wa dola milioni 10 ikaandikwa kabla mwanajiolojia Clarence King hajafika pale na kuona kwamba mawe yamepandwa na mkono wa mtu. Agosti 26, 1875, wateja walijazana Bank of California na milango ikafungwa. Kesho yake Ralston alilazimishwa kujiuzulu, akaenda kuogelea baharini kama alivyozoea, na akafa maji. Benki ikafunguliwa tena Oktoba.

Je, wajua kwamba jambazi wa mabasi ya farasi alikamatwa kwa sababu ya dobi?

Wells Fargo, iliyoanzishwa mwaka 1852, ilibeba dhahabu, hundi na barua. Barua zake zilikuwa kwenye bahasha zenye stempu ya posta ya serikali na juu yake nembo ya kampuni. Mtumaji alilipa mara mbili, kwani aliiamini kampuni kuliko posta. Bahasha hizi sasa zina wakusanyaji wake. Kati ya 1875 na 1883 mtu mmoja mwenye gunia usoni aliteka magari ya kampuni hiyo mara 28, akajiita Black Bart na mara mbili akaacha mashairi. Katika utekaji wa mwisho aliangusha leso yenye alama ya dobi, F.X.O.7. Wapelelezi walizunguka madobi ya San Francisco mpaka wakampata mwenye alama hiyo, bwana mtanashati aliyejulikana mjini kama mtu wa migodi. Mwaka 1885 kampuni ilichapa orodha ya majambazi wake na hasara ilizopata. Nayo sasa ni kitu cha kutafutwa.

Je, wajua kwamba kasha la benki linaweza kuunguza pesa baada ya moto kuzimwa?

Tetemeko na moto wa San Francisco wa Aprili 18, 1906 viliteketeza kumbukumbu nyingi za soko la hisa na za serikali. Makasha ya chuma ya benki yaliponea, lakini yalibaki na joto kali, na ikajulikana kwamba ukifungua mapema, hewa ikiingia, karatasi zilizomo zinawaka. Benki zikasubiri siku nyingi. A. P. Giannini wa Bank of Italy hakusubiri. Alikuwa ameshaondoa pesa zake mjini kwa mkokoteni wa mboga na matunda, akaweka ubao gatini na kuanza kukopesha.

Je, wajua kwamba alama ya X iliwahi kughushiwa?

Mwaka 1849 Wamormoni wa Utah, wakiwa na vumbi la dhahabu kutoka California na uhaba wa sarafu, waliandika noti kwa mkono, zikatiwa saini na Brigham Young na wenzake. Miaka ya 1980 mfanyabiashara wa hati za kale wa Salt Lake City, Mark Hofmann, alianza kuleta sokoni hati baada ya hati za kustaajabisha. Miongoni mwake zilikuwamo fedha za kale za Utah na hati za deni za Jim Bridger, mtega wanyama maarufu asiyejua kusoma wala kuandika. Bridger aliweka X, na X haina mwandiko wa kulinganisha. Zote zilikuwa kazi ya mkono wa Hofmann.

Madeni yalipombana alitega mabomu, na Oktoba 15, 1985 watu wawili wakauawa. Kesho yake bomu la tatu lilimlipukia mwenyewe. Wataalamu George Throckmorton na William Flynn waliuweka wino wake chini ya darubini wakaona umepasuka vipande vidogovidogo kama ngozi ya mamba. Alikuwa amechanganya wino wa zamani vizuri, pamoja na utomvu wa mgunga, lakini dawa aliyotumia kuuzeesha haraka ndiyo iliyoupasua. Mwaka 1987 alikiri na akafungwa maisha. Tangu hapo hati ya kusisimua mno hupokewa kwa jicho la pembeni.

Je, wajua kwamba Tabora nayo ilikuwa na mitambo ya sarafu?

Msomaji wa Tanzania asidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga bahari, na noti kutoka Ujerumani zikakatika. Kuanzia 1915 benki ya koloni la Wajerumani ikachapa noti za dharura Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na maofisa wakazitia saini kwa mkono. Wakusanyaji huzitofautisha kwa saini, herufi na aina ya karatasi, kazi ya kumpa mtu mvi. Mwaka 1917, jeshi la Wajerumani likiwa linarudi nyuma kusini, zilipigwa noti kwa mihuri ya mpira; zinaitwa noti za porini, na zinafanana na jina lake.

Dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, ilipelekwa Tabora kwenye karakana ya reli. Mwaka 1916 zikagongwa sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima na herufi T ya Tabora. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji. Sarafu hizo leo huuzwa kwa bei kubwa kuliko uzito wake wa dhahabu, na noti za porini zilizobaki zimetawanyika kwenye mikusanyo ya watu binafsi huko Ulaya.

Na je, wajua kwamba hati moja ya kale ya Dakota inafika hadi Kahama?

Homestake, mgodi wa Black Hills, ulinunuliwa na George Hearst mwaka 1877 kwa dola 70,000. Ardhi yenyewe Walakota waliahidiwa kwa mkataba wa 1868. Bunge la Marekani likaitwaa mwaka huohuo wa 1877, na ingawa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru mwaka 1980 walipwe fidia, wamekataa kuipokea kwa sababu wanataka ardhi. Hati za hisa za Homestake ni za kawaida mnadani. Mkataba wa 1868 hauuzwi.

Migodi mingi iliyotajwa humu ilikufa ndani ya miaka michache. Homestake ulichimbwa hadi 2002. Kampuni yake ilikuwa imemezwa na Barrick Gold mwishoni mwa 2001, mwaka uleule ambao Barrick ilianza kutoa dhahabu Bulyanhulu, Kahama. Bulyanhulu sasa uko chini ya Twiga Minerals, ambamo serikali ya Tanzania ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84.